Sekretari Asiyepiga Taipu

Chukua riwaya yoyote ya kusisimua iliyotungwa na mwanamume, zile za mfukoni zenye jalada la bastola na msichana, halafu ufungue pale mwanamke anapoingia kwa mara ya kwanza. Mara nyingi mambo yatakuwa haya: mlango unafunguliwa, manukato yanatangulia, kisha inafuata orodha. Macho, midomo, kifua, kiuno, miguu. Orodha ikiisha ndipo tunaambiwa jina, na baada ya jina, kama mwandishi hakusahau, kazi. Ni sekretari. Au ni mhudumu wa ndege, au wa baa, au mwanafunzi wa chuo. Basi, habari ya kazi imekwisha. Kuanzia hapo hadi ukurasa wa mwisho utapata tabu sana kumwona huyo sekretari akipiga taipu.

Wengi wamekwisha kuliandikia jambo hili. Mwaka 1996 Elena Bertoncini, mtaalamu wa Kiswahili aliyefundisha Napoli, Italia, alitoa kitabu kizima juu ya wanawake katika fasihi yetu, na jina la kitabu hicho likawagawa mafungu mawili: wale wanaoangamiza wanaume na wale wanaoangamizwa. Na vyuoni kwetu upo msemo uliozoeleka hata umechuja rangi: "mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe". Mwanafunzi wa kidato cha sita huuandika kwenye mtihani, akapata maksi zake, akarudi bwenini kusoma riwaya ileile kwa raha zake. Msemo huo si wa uongo. Lakini sisi tunaotaka kuandika hautusaidii sana, maana hautuambii chombo hicho kilifinyangwaje, na nani alianza kukifinyanga. Mimi naona afadhali tushike swali dogo zaidi, la kienyeji kabisa: huyu mwanamke anafanya kazi gani, na je, tunamwona akiifanya? Ukipita na swali hilo katika historia ya riwaya yetu utakuta mambo, na mojawapo linagusa mji huu wa Mpwapwa ninamoandikia.

Mpwapwa ni mji mdogo chini ya milima ya Kiboriani. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapa, wamisheni wa CMS wakafika katika miaka ya 1870, Wajerumani wakajenga boma mwaka 1889, baadaye ikaja maabara ya mifugo na chuo cha ualimu. Wengi wanatujua kwa ng'ombe, wale wanaoitwa kwa jina la mji wetu. Wachache wanajua kwamba katikati ya miaka ya 1940, katika Idara ya Wanyama, alikuwapo hapa karani mmoja aliyehamishwa kutoka Pangani, mtu aliyekuwa amefiwa na mkewe Amina. Karani huyo ni Shaaban Robert. Habari za uhamisho huo amezisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na watoto wa shule wa Mpwapwa wanaokariri mashairi yake hawaambiwi kwamba alipita njia hizihizi wanazopita wao.

Sasa mtazame Shaaban Robert na wanawake wake. Amina, mke, ni uzuri, wema na kifo. Binti yake, Mwanjaa, alitungiwa utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume, Suleiman, utenzi wa Adili. Ukizisoma tenzi hizo mbili pamoja utaona baba anavyogawa urithi: mtoto wa kike anafundishwa dini, usafi, unyumba na utii, mtoto wa kiume anafundishwa namna ya kuwa mtu mbele ya watu. Hapa Shaaban hakuanzisha jipya. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, ulikuwa umekwisha kuiweka njia hiyo, na wa Mwana Kupona angalau uliandikwa na mtu aliyeyajua mambo ya ndani kwa ndani. Kwa hiyo kabla riwaya ya Kiswahili haijaanza kutembea, mwanamke wa kwenye maandishi alikuwa mtu wa kuusiwa. Anaambiwa. Akisikia anabarikiwa, asiposikia atayaona.

Lakini Shaaban huyohuyo, baada ya Siti binti Saad kufariki mwaka 1950, akaandika wasifu wake, na hapo, ndugu zangu, kalamu inabadilika. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika watu wa kufinyanga vyungu. Tunamwona akiviuza. Tunaambiwa alivyoingia mjini mwaka 1911, alivyojifunza kuimba na taarabu, alivyokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Uso wake unatajwa, tena kwa sababu watu walimsimanga kuwa hakuwa mzuri, lakini uso si hadithi yake. Hadithi ni sauti, na sauti ni kazi: mazoezi, wapigaji, safari, malipo, wivu wa wenzake. Sijui kama yupo mwanamke mwingine katika vitabu vya wanaume wa kizazi kile anayefanya kazi waziwazi namna ile. Ajabu yake ni kwamba huyu hakubuniwa. Alipobuni, Shaaban aliandika malaika. Alipopaswa kusimulia mtu aliyekuwapo kweli, akatupatia mfanyakazi.

Riwaya pendwa haikuufuata mkondo wa Siti. Ilifuata mkondo wa Hati, ila ikaugeuza kichwa chini miguu juu: badala ya binti anayeusiwa akasikia, ikamchukua yule asiyesikia, ikamvika sketi fupi.

Hebu turudi nyuma kidogo tuone sababu. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapa vitabu na kuendesha mashindano, na kutokana na mashindano hayo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akatupatia Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka 1960. Mwaka 1965 shirika hilo likachapa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla na Inspekta Wingo wake, na bara nako upelelezi ukaanza. Mwaka 1974 akaja Elvis Musiba na Kufa na Kupona, na jina la Willy Gamba likaenea kila bweni la nchi hii. Hapa Mpwapwa vitabu vya Gamba vilikuwa vikipita mkono kwa mkono hadi majalada yanabanduka. Ukikipata, kurasa kumi za mwisho hazipo, na unalazimika kumtafuta aliyekisoma kabla yako akusimulie nani alikufa.

Watu husema Musiba alimwiga James Bond. Ni kweli kwa kiasi fulani. Bond alianza kitabuni mwaka 1953 na kwenye sinema mwaka 1962, na vitabu vya James Hadley Chase vilijaa kwenye meza za wauza vitabu mitaani. Hata sekretari wetu asiyepiga taipu ana shangazi yake Uingereza, yule Moneypenny wa ofisini kwa bosi wake Bond, ambaye kazi yake kubwa ni kumtania Bond anapopita kwenda kuonana na mkuu. Lakini kusema kwamba wanaume wetu waliiga tu ni kuwapunguzia mzigo. Wasichana waliowaandika waliwaona mtaani, na walikuwa wakiwaogopa.

Kumbuka mji wenyewe ulivyokuwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua marufuku. Tarehe yenyewe haijafika, vijana wa kiume wakaanza kuwashambulia wanawake Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi, eti wanalinda utamaduni. Na ni nani waliovaa sketi hizo? Wengi walikuwa wasichana wenye shule kidogo, walioajiriwa maofisini, makarani na mataipisti, wanaopokea mshahara wao wenyewe mwisho wa mwezi na kupanga chumba bila kuomba ruhusa ya baba wala kaka. Huyu alikuwa mtu mpya. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi alimwona akishuka kwenye basi na mkoba begani, roho ikamuuma. Miaka michache baadaye anamkuta tena kwenye riwaya, mzuri, hatari, na bila mashine ya taipu. Mimi nadhani mashine hiyo haikusahauliwa kwa bahati mbaya. Ukimwonyesha msichana akipiga taipu kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu, vidole vikimuuma, huwezi tena kumwambia msomaji kwamba viatu alivyovaa amehongwa.

Najua utaniambia: bwana, hizi ni hadithi za kujiburudisha, hata wanaume humo ni wa karatasi. Tajiri daima ana kitambi, jambazi daima ana kovu. Sawa. Lakini linganisha vizuri. Willy Gamba anafanya kazi mbele ya macho yetu. Tunaambiwa ndege aliyopanda, hoteli aliyofikia, aina ya bastola, anavyokagua chumba, anavyojua kwamba anafuatwa. Ni wa karatasi, lakini ni karatasi inayofanya kazi, na kazi yenyewe ni ya heshima, kulinda ukombozi wa Afrika. Hapohapo msichana aliye kando yake ni ama zawadi baada ya kazi ama mtego katikati ya kazi. Kama ni jasusi wa adui, ujasusi wake ni kitanda. Hakuna anayemfundisha kupiga shabaha, hakuna anayemlipa posho.

Kitabu kilichokaribia kuvunja mambo haya, halafu kikasita, ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, na hapa nataka tukae kidogo. Hicho si riwaya pendwa, mabingwa watanikaripia. Lakini kwa usomaji wake kilipendwa kuliko pendwa zenyewe, tena zaidi baada ya kupigwa marufuku mashuleni. Kilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka 27 kutoka Namagondo, Ukerewe. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo ilitaka mvulana afikishe miaka 18 kabla ya kuoa na msichana 15 tu kabla ya kuolewa. Yaani mwandishi na serikali walikuwa wakiumiza kichwa juu ya msichana yuleyule katika mwaka uleule.

Ukuu wa Rosa Mistika ni kwamba Kezilahabi hakuanza na mapaja. Alianza na nyumba. Zakaria ni baba mlevi anayewalinda binti zake kwa fimbo, Rosa anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, na anakua akimwogopa mwanamume kama anavyoogopa chui. Anafika sekondari bila kujua lolote la dunia, anadanganywa, na akija kufunguka anafunguka kama lango la boma lililosukumwa na ng'ombe. Chuo cha ualimu cha Morogoro, ambako mkuu wa chuo naye ni miongoni mwa wanaomtaka, kimeandikwa kwa ukweli ambao vyuo vingi vya ualimu nchini vilitambua haraka sana. Ndiyo maana kitabu kilipigwa marufuku, naamini. Siyo kwa sababu ya matusi, maana matusi hayamo ya kutisha, bali kwa sababu kilimnyooshea kidole baba na kilimnyooshea kidole mkubwa wa shule. Baadaye marufuku iliondolewa, na kikawa kitabu cha kusomwa sekondari.

Lakini tumtazame Rosa kwa lile swali letu. Rosa amesomea ualimu. Amefuzu. Mwalimu wa kike katika miaka ile alikuwa mtu mkubwa kijijini: ana mshahara, ana chaki, ana watoto hamsini wanaosimama akiingia. Je, tunamwona mbele ya ubao? Kwa nadra sana. Kazi aliyoihangaikia inatajwa kama kituo cha basi tunachokipita, halafu safari inaendelea kwenda kwenye lile lililokuwa likimngoja tangu mwanzo: mchumba anagundua kwamba si bikira, anamkataa, Rosa anajiua. Mwandishi amemtetea kurasa zote, amewashitaki wote waliomharibu, na mwisho hakimu ametoa hukumu ileile ambayo Zakaria angetoa. Wanaume waliopita chumbani kwake wanaendelea kuishi.

Wako wanaosema alitaka kutushtua ndiyo maana akamuua. Inawezekana. Ila mimi, kila nikifika pale, huwaza kwamba mwalimu Rosa angeweza kuamka Jumatatu asubuhi, macho yamevimba, akaenda kazini. Jambo hilo ndilo waliolifanya wanawake wengi waliokataliwa, katika mji huu na katika kila mji wenye chuo. Riwaya haikuwa na mahali pa kuwaweka.

Na usidhani ni mambo ya vitabuni tu. Msichana wa shule aliyepata mimba nchini kwetu alikuwa akifukuzwa. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, Juni 2017 Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba wenye mimba hawatarudi shuleni, na ilipofika Novemba 2021 ndipo serikali ikaruhusu warudi baada ya kujifungua. Miaka yote hiyo mvulana au mwalimu aliyehusika mara nyingi aliendelea na kazi zake, na msichana akafutwa katika rejista kama mhusika ambaye mwandishi hana haja naye tena. Mtindo ni uleule: binti akikosea, sura inayofuata haiandikwi. Sisemi riwaya ndizo zilizotunga kanuni. Nasema waliotunga kanuni na waliotunga riwaya walisimuliwa hadithi moja utotoni.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mkasa wao. Mwaka 1974 David Maillu, kwa kampuni yake mwenyewe ya Comb Books, alitoa kitabu cha Kiingereza, After 4:30, na nani anasema humo? Sekretari! Anasema yeye mwenyewe, juu ya bosi, juu ya saa za kazi na zile za baada ya kazi. Ni kitabu chenye maneno mazito, na Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976. Ukiondoa maneno mazito, kuna kitu ambacho Willy Gamba hakuwahi kukisikia: taipisti akieleza jinsi kazi inavyopatikana na jinsi inavyopotea. Tusimpe Maillu sifa kupita kiasi, maana naye alijua kinachouza. Lakini alimpa kinywa.

Kwa upande wetu aliyesogea ni Ben Mtobwa. Marehemu Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, anastahili heshima ya waandishi chipukizi kwa sababu hakungoja mchapishaji amhurumie: alianzisha Heko, akachapa. Joram Kiango wake alikuwa kwanza na katibu muhtasi, Neema Iddi, baadaye akaja Nuru. Soma vitabu hivyo kwa mfuatano utaona mwandishi anahangaika na mwanamke huyo wa pembeni, hajui amfanyeje. Nuru analetwa kwetu kwa uzuri, kama kawaida, uzuri unaorudiwa kila kitabu kana kwamba tumesahau. Lakini pole pole anaanza kufikiri. Anasafiri na Joram, anahatarisha roho yake naye, kuna wakati anamwokoa. Halafu Dar es Salaam Usiku, mwaka 1990, kikamweka Rukia, msichana anayeuza mwili wake, katikati ya kitabu badala ya pembeni. Kwa swali langu la kazi, huyo ni wa kutazamwa, maana kazi yake ndiyo hiyo na mwandishi haifichi. Mwaka 1983 ilipopitishwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira rasmi, wanawake wakiwemo, walikamatwa Dar es Salaam na kurudishwa vijijini. Mgambo walikuwa wakiuliza swali hilihili ninalowauliza waandishi, unafanya kazi gani, ila wao hawakungoja jibu.

Lakini mimi nawaombeni tutazame mwaka 1975. Mwaka huo wanaume walitoa vitabu vyao: Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, Muhammed Said Abdulla akatoa Mke Mmoja Waume Watatu, kichwa ambacho peke yake kilitosha kuuza. Mwaka huohuo Martha Mvungi alitoa Hana Hatia, na Ndyanao Balisidya akatoa Shida. Huyu Balisidya ni wa kwetu, wa Dodoma, aliyekuja kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtafiti wa fasihi simulizi. Ukiwauliza vijana wa Mpwapwa wanaopenda riwaya wakutajie mwandishi wa Ugogo, watamtaja Mathias Mnyampala kwa mashairi, kisha watanyamaza.

Shida inasimulia vijana wa huku, Chonya na Matika, na mvuto wa Dar es Salaam. Juu juu ni hadithi ileile tunayoijua: kijiji, mji, kuanguka. Ungeweza kusema hata yeye mwanamke kaandika kama wanaume. Lakini angalia jina la kitabu. Katika riwaya za wanaume msichana huenda mjini kwa tamaa: tamaa ya magauni, ya muziki, ya kupanda gari. Balisidya anakiita kitabu kwa jina la kile kinachomsukuma mtu nyuma ya mgongo. Mgogo anajua maana yake. Huku mvua ni ya kubahatisha, na wazee walihesabu miaka yao kwa njaa. Ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, iliyoitwa Mtunya, ilikuwa bado inatajwa kwenye mazungumzo kama jana. Katika nchi ya namna hiyo msichana anayeondoka hafuati taa za mji. Anahesabu debe za uwele zilizobaki na midomo inayongoja. Ukimwandika kwa tamaa umemwandika kwa macho ya mwanamume aliyeketi baa akamwona akiingia. Ukimwandika kwa shida umeanza safari mahali alipoianzia yeye.

Sisemi Shida ni kitabu kisicho na dosari. Kuna mahali mahubiri yanazidi, maana ilikuwa enzi ya Ujamaa na kila kitabu kilipaswa kurudi kijijini kabla ya ukurasa wa mwisho. Lakini kurudi ni tofauti na kufa. Nani mwingine katika miaka ile alimruhusu msichana aliyeharibikiwa mjini arudi nyumbani akiwa hai, apate shamba, apate na mtu?

Baada ya hapo wanawake waliendelea kuandika, kidogo kidogo. Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981, Zainab Mwanga akatoa Kiu ya Haki mwaka 1983. Karatasi ziliadimika miaka hiyo, na zilizopatikana hazikwenda kwao. Zilipokuja enzi za magazeti ya udaku na hadithi za kila wiki, soko likawa la wanaume tena, Eric Shigongo akiwa mbele yao wote. Moja ya hadithi zake zilizosomwa sana inaitwa Rais Anampenda Mke Wangu. Hebu irudie taratibu. Rais ana cheo, mume ana sauti, ndiye anayesimulia. Mke ana nini?

Nimesoma hadithi za wenzangu hapa Mpwapwa, zilizoandikwa kwenye madaftari na nyingine kwenye simu. Vijana wa kiume wanaandika vizuri, nawapongeza, lakini wasichana wao bado wanaingia kwa manukato. Mmoja alimweka mhudumu wa baa, akamwelezea ukurasa mzima, kuanzia nywele hadi kucha. Baa yenyewe ni ya stendi, sote tunaijua. Nikamuuliza kama amewahi kumtazama mhudumu saa ya kufunga. Hakuwahi, maana saa hiyo yeye huwa amekwisha kulewa.

Na huku Ugogo tuna wanawake wapigao ngoma ya muheme. Mtu yeyote aliyekulia hapa amewaona: ngoma katikati ya miguu, mikono inakwenda mbio, nyuso zimetulia kama za mafundi kazini. Tuna mama zetu waliopanga foleni pale stesheni ya Gulwe na vikapu vya mayai na maziwa, wakikimbia sambamba na behewa wakati treni imekwisha kuanza kutembea ili walipwe shilingi zao dirishani. Tuna walimu wa kike waliotoka chuoni hapa wakapelekwa kwenye vijiji wasivyojua lugha yake. Katika riwaya zote nilizozitaja, hakuna hata mmoja wao.

Kwa huyo mwenzetu wa baa, ningemwomba aanze upya, aanzie saa sita ya usiku. Wateja wametoka. Msichana anavua viatu, anahesabu chupa tupu, anazipanga kwenye kreti. Hesabu ya kaunta inasema zilitoka kreti tano. Yeye anaona nne na chupa kumi na tisa. Aliyekunywa bila kulipa ameshapotelea gizani, na mwenye baa atakata pesa hiyo kwenye mshahara. Anahesabu tena.